Nuru kama amri: namna jani linavyowasha na kuzima vimeng'enya vyake

Katika madaftari ya Biolojia ya wanafunzi wetu wa sekondari hapa Mtwara, usanisinuru umegawanywa katika hatua mbili zilizotenganishwa kwa mstari wa rula. Hatua ya kwanza inahitaji nuru: maji yanapasuliwa, oksijeni inatoka, na ATP pamoja na NADPH, molekuli mbili zinazobeba nishati ndani ya seli, zinatengenezwa. Hatua ya pili, yasema maelezo hayo, haihitaji nuru: inachukua ATP na NADPH zilizokwisha kutengenezwa na kuzitumia kugeuza kabonidayoksaidi kuwa sukari. Mtihani unauliza hivyo, na mwanafunzi atakayejibu hivyo atapata alama zake, wala sina nia ya kumnyima. Ugomvi wangu ni na hiyo nusu ya pili, kwa kuwa inamwachia mwanafunzi dhana kwamba jani lingeweza kuendelea kutengeneza sukari usiku kucha ilimradi lina akiba ya kutosha ya ATP na NADPH.

Jani haliwezi. Ni kweli, kwa maana finyu, kwamba hakuna kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko) hata kimoja cha mzunguko wa Calvin, yaani wa hatua hiyo ya pili, kinachonasa nuru chenyewe. Lakini jani likiingia gizani mzunguko huo husimama ndani ya dakika chache, na kuishiwa na ATP na NADPH ni sehemu tu ya sababu. Vimeng'enya vyake vikuu huzimwa kimojakimoja, umbo la protini zenyewe likibadilika, kiasi kwamba hata ukivipatia malighafi zote vitafanya kazi kwa unyonge mkubwa mpaka jani lipate nuru tena. Nuru hulilisha jani nishati, na wakati huohuo hulitolea amri. Mtaala wetu unaeleza vizuri habari ya nishati. Makala hii ni ya amri.

Kwanza tuyaweke mazingira sawa. Kloroplasti ina urefu wa mikrometa tano hadi kumi hivi. Ndani yake mna tando zilizopangwa kwa matabaka, ziitwazo thailakoidi, ambamo klorofili imepachikwa, na tando hizo zimezungukwa na ute mzito uitwao stroma. Kazi ya kunasa nuru hufanyika kwenye tando; mzunguko wa Calvin, wenye vimeng'enya 11, hufanyika kwenye stroma. Umbali kati ya pande hizo mbili ni mdogo mno, hivyo si ajabu kwamba yanayotokea kwenye utando hufika kwenye stroma upesi. Swali lililowashughulisha watafiti kwa miaka mingi ni kwamba habari hiyo husafirishwa na nani.

Mzunguko wenyewe ulifuatiliwa na Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Waliulisha mwani wa kijani kabonidayoksaidi yenye kaboni-14, ambayo ni kaboni yenye mnururisho, kisha wakaziua seli zake kwa alkoholi ya moto baada ya sekunde chache ili waone kaboni hiyo imefikia wapi. Calvin alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961 akiwa peke yake, jambo ambalo kwa maoni yangu halikumtendea haki Benson. Kazi yao ilionyesha njia ambayo kaboni hupita. Haikueleza kwa nini njia hiyo hufungwa giza linapoingia.

Jibu lilianzia chuoni hapohapo, katika maabara ya Daniel Arnon, ambaye mwaka 1954 alikuwa ameonyesha kwamba kloroplasti zilizotolewa kwenye majani ya spinachi huweza kutengeneza ATP zikimulikwa. Mwaka 1967 Bob Buchanan, akifanya kazi na Kalberer na Arnon, alionyesha kwamba kimeng'enya kimoja cha mzunguko wa Calvin, fruktosi bisfosfatesi, huamka kikikutanishwa na feredoksini iliyobeba elektroni. Feredoksini ni protini ndogo yenye chuma na salfa inayopokea elektroni kutoka kwenye fotosistimu I, mojawapo ya mitambo ya kunasa nuru kwenye utando, yaani kutoka mwisho kabisa wa safari ya elektroni zilizosukumwa na nuru. Baadaye, katika miaka ya 1970, Buchanan pamoja na Peter Schürmann na Ricardo Wolosiuk waligundua kwamba feredoksini haikigusi kimeng'enya moja kwa moja, bali kuna mpatanishi katikati, naye ni thioredoksini. Protini hiyo ilikuwa imekwisha kujulikana tangu mwaka 1964 katika bakteria E. coli, ambako ilihusishwa na utengenezaji wa malighafi za DNA. Hakuna aliyetarajia kuikuta ikipokea habari za jua ndani ya jani.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ndipo palipo kiini cha jambo lote.

Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja. Mojawapo ya asidi amino hizo, sisteini, ina atomi ya salfa nchani. Sisteini mbili zikikaribiana ndani ya protini iliyojikunja, atomi zao za salfa zinaweza kuachia haidrojeni zao na kushikana zenyewe kwa zenyewe, zikafanya kifungo kinachobana mkunjo wa protini mahali pale. Kifungo hicho kikipewa elektroni mbili, hufunguka. Salfa hizo hurudi kila moja na haidrojeni yake, na sehemu ile ya protini hulegea na kukaa mkao mwingine. Fruktosi bisfosfatesi ya kloroplasti ina kipande cha mnyororo ambacho ile ya sehemu nyingine ya seli haina, na kwenye kipande hicho ndiko kuliko sisteini zenye kifungo. Kikiwa kimefungwa, mahali ambapo sukari na magnesiamu zinapaswa kukaa panapotoka, na kimeng'enya hulala. Kikifunguliwa, panakaa sawa, na kazi inaanza.

Basi mfuatano wenyewe ni huu. Nuru hupiga klorofili. Elektroni hupita kwenye utando hadi fotosistimu I na kutua kwenye feredoksini. Feredoksini huipeleka kwa kimeng'enya kinachoitwa feredoksini-thioredoksini riduktesi, chenye kifundo cha atomi nne za chuma na nne za salfa. Kazi ya kifundo hicho ni ya kiufundi sana na huwa inanivutia: feredoksini huleta elektroni moja kwa wakati, ilhali kifungo cha salfa kinahitaji mbili ili kifunguke, kwa hiyo lazima awepo wa kuishika ile ya kwanza bila kuipoteza mpaka ya pili ifike. Elektroni mbili zikikamilika, thioredoksini hufunguliwa kifungo chake, nayo huenda kufungua kifungo cha kimeng'enya inachokutana nacho. Yenyewe hujifunga tena, hurudi kuchukua elektroni nyingine, na kuendelea hivyo maadamu jua lipo.

Salfa si jina geni kwa mtu wa Mtwara au Lindi. Kuanzia miezi ya katikati ya mwaka, mikorosho inapotoa maua, mashine za kupulizia hunguruma mashambani kuanzia Tandahimba hadi Ruangwa, na vumbi la njano hutanda juu ya matawi kupambana na ubwiriubwiri. Salfa hiyo hufanya kazi nje ya jani, dhidi ya kuvu. Salfa inayozungumzwa hapa iliingia kwenye mti kupitia mizizi, ikiwa katika umbo la salfati, ikajengwa ndani ya protini. Ni elementi ileile, lakini mkulima asije akadhani kwamba anapopulizia ndipo anapoviamsha vimeng'enya.

Vimeng'enya vinne vya mzunguko wa Calvin vinaongozwa kwa namna hii ama moja kwa moja au kwa kupitia protini nyingine: fruktosi bisfosfatesi iliyotajwa, ndugu yake sedoheptulosi bisfosfatesi, fosforibulokinesi, na kile ambacho jina lake refu hufupishwa kuwa GAPDH. Hivi viwili vya mwisho vina kisa cha pekee. Kuna protini ndogo iitwayo CP12 ambayo gizani hujikunja kwa vifungo vyake vya salfa na kuvishika vyote viwili pamoja, vikawa fungu moja kubwa lisilofanya kazi. Nuru ikija, thioredoksini hufungua vifungo vya CP12, fungu linasambaratika, na vimeng'enya vyote viwili vinaachiwa kwa pamoja. Kimoja kati yao hutumia ATP na kingine hutumia NADPH, kwa hiyo kuvishika hivyo viwili usiku ni kuzilinda akiba zote mbili za jani zisichotwe.

Nje ya mzunguko wa Calvin pia nuru inatoa amri kwa njia hiyohiyo. Kimeng'enya kinachotengeneza ATP kwenye utando wa thailakoidi kina uwezo wa kuzunguka kinyume, yaani kuivunja ATP na kusukuma protoni kurudi nyuma, jambo ambalo usiku lingekuwa hasara tupu. Sehemu yake mojawapo ina sisteini mbili. Gizani hufungana na kukifanya kiwe kigumu kuanza kuzunguka, na mwangani thioredoksini huzifungua.

Amri ya pili haitumii protini kabisa, na mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari ya asidi na besi ataielewa mara moja. Elektroni zinapopita kwenye utando, protoni husukumwa kutoka kwenye stroma kuingia ndani ya mifuko ya thailakoidi. Ndani ya mifuko hiyo panakuwa na uasidi. Nje yake, kwenye stroma, pH hupanda kutoka karibu 7 gizani hadi karibu 8 mwangani. Tofauti ya namba moja kwenye kipimo cha pH maana yake ni mkusanyiko wa protoni kupungua mara kumi. Pia protoni zinapoingia kwenye mifuko, ioni za magnesiamu hutoka humo kwenda kwenye stroma, na kiasi chake huko huongezeka kwa mara mbili hivi. Sasa, fruktosi bisfosfatesi hufanya kazi vizuri kwenye pH ya karibu 8 penye magnesiamu ya kutosha, na Rubisko, kimeng'enya kinachoishika kabonidayoksaidi, vilevile. Mazingira ya stroma wakati wa mchana ndiyo hasa vimeng'enya hivyo vinayoyataka, na usiku mazingira hayo huondoka.

Rubisko inastahili nafasi yake. Ndiyo inayoishika kabonidayoksaidi na kuiunganisha na sukari yenye kaboni tano iitwayo RuBP, na ni mvivu wa kupindukia: kila kituo chake cha kazi hushughulikia molekuli chache tu za kabonidayoksaidi kwa sekunde, wakati vimeng'enya vingi hushughulikia mamia au maelfu. Jani hufidia uvivu huo kwa kutengeneza Rubisko kwa wingi, hata ikawa ni mojawapo ya protini zinazopatikana kwa wingi zaidi duniani. Haina kifungo cha salfa kinachoiwasha kama zile nyingine. Kwanza ni lazima molekuli moja ya kabonidayoksaidi, tofauti na ile itakayogeuzwa sukari, ijishikize kwenye asidi amino ya 201 ya mnyororo wake mkubwa, ambayo ni laisini, kisha ioni ya magnesiamu ikae juu yake. Hapo ndipo kimeng'enya kinakuwa tayari. Kupanda kwa pH na kuongezeka kwa magnesiamu mwangani kunasaidia hatua zote mbili.

Hata hivyo, kuna tatizo ambalo lilichukua muda kueleweka. RuBP ikiiwahi Rubisko kabla haijatayarishwa, huganda mahali pa kazi na haitoki kirahisi. Katika hesabu za maabara, Rubisko ndani ya jani ilipaswa kuwa imelala zaidi kuliko ilivyoonekana. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani waliuelezea mmea wa Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana maabara, wenye hitilafu ya kurithi, ambao ulishindwa kuiamsha Rubisko yake mwangani, na kutokana na mmea huo, mwaka 1985, Salvucci, Portis na Ogren wakaitambua protini waliyoiita aktivesi ya Rubisko. Protini hii huikamata Rubisko iliyoganda, hutumia ATP kuilegeza, na kuitoa sukari iliyokwama. Inapozidiwa na ADP, yaani ATP iliyokwisha kutumika, hupunguza kazi, kwa hiyo inasikia hali ya nishati ya kloroplasti; na katika Arabidopsis umbo lake refu lina sisteini mbili ambazo thioredoksini huzifungua mwangani. Kwa hiyo Rubisko nayo iko chini ya amri ya nuru, ila amri hiyo hupitia kwa mtumishi wake. Baadhi ya mimea, ikiwemo maharage na viazi mviringo, huongeza hatua nyingine: usiku hutengeneza sukari maalumu inayofanana na bidhaa ya muda ya Rubisko, ikaizibia mahali pa kazi hadi asubuhi.

Aktivesi ina udhaifu unaotuhusu sisi tunaoishi kwenye joto. Rubisko yenyewe huvumilia joto linalozidi nyuzi 50 za Selisiasi bila kuharibika, lakini aktivesi ya mimea mingi huanza kulegea jani linapopita nyuzi 35 hivi. Jani lililoko juani bila maji ya kutosha huweza kuwa na joto kuliko hewa inayolizunguka kwa nyuzi kadhaa. Mwezi Oktoba, jua linapopita utosini mwetu karibu na tarehe 20 na mvua bado haijagusa ardhi, nuru ipo ya kumwaga, amri zote zimetolewa, na bado Rubisko inaweza kuwa imelala nusu kwa sababu mtumishi wake ameshindwa na joto.

Kwa nini jani lihangaike kufunga kila kitu usiku? Hapa wanafunzi huwa wanajibu, "Ili kuokoa nishati," na jibu si baya, ila linafaa lipewe nyama. Katika stroma hiyohiyo kuna njia nyingine inayokwenda kinyume: huchukua sukari yenye fosfati na kuivunja ili kupata NADPH, ambayo jani linaihitaji usiku wakati fotosistimu zimesimama. Kimeng'enya kinachofungua njia hiyo hufupishwa kuwa G6PDH. Njia hizo mbili zikifanya kazi kwa wakati mmoja, sukari itatengenezwa upande huu na kuvunjwa upande ule, kama ghala la korosho ambalo wapagazi wa mlango wa mbele wanaingiza magunia na wa mlango wa nyuma wanayatoa, na wote wanalipwa ujira. ATP itateketea na hakuna kitakachobaki.

Jani limelitatua jambo hili kwa namna ambayo kila nikiifundisha naiona ni ya werevu wa hali ya juu. G6PDH nayo ina sisteini zinazoweza kufungana, lakini iko kinyume na wenzake: kifungo kikiwepo inafanya kazi, kikifunguliwa inazima. Kwa hiyo thioredoksini ileile, kwa elektroni zilezile za nuru, inapita kwenye stroma ikiwasha vimeng'enya vya kutengeneza na kuzima cha kuvunja. Hakuna haja ya amri mbili. Jua likizama, vifungo vinarudi kila mahali, na kila kimeng'enya kinachukua mkao wake wa usiku.

Namna vifungo vinavyorudi ilibaki na kiza kwa muda mrefu kuliko namna vinavyofunguka. Kukatika kwa elektroni peke yake hakutoshi. Ni lazima kitu kizichukue zile zilizokwisha kukabidhiwa. Mwaka 2018 tafiti kadhaa zilizofanywa mbalimbali zilikubaliana kwamba anayezichukua ni protini ya jamii ya peroksiredoksini, ambayo mchana na usiku huzitumia elektroni kuiharibu haidrojeni peroksaidi, kemikali kali inayozaliwa ndani ya kloroplasti. Mchana peroksiredoksini hupokea elektroni chache ukilinganisha na mafuriko yanayotoka kwenye fotosistimu, hivyo vimeng'enya hubaki wazi. Jioni mafuriko yanapokauka, kuchota kwake ndiko kunakotawala: elektroni hutoka kwenye vimeng'enya, huingia kwenye thioredoksini, kisha kwenye peroksiredoksini, na kuishia kwenye peroksaidi na hatimaye maji.

Maelezo yote haya yamechukulia kwamba nuru inakuja asubuhi na kuondoka jioni. Shambani haiko hivyo. Wakulima wengi wa huku hupanda mihogo, kunde au mbaazi katikati ya mikorosho michanga, na huendelea hivyo mpaka matawi yanapokutana na kuifunika ardhi. Simama chini ya mikorosho iliyoanza kukutana, saa tano asubuhi, na uliangalie jani moja la muhogo. Madoa ya jua hupita juu yake: kidole kimoja cha jani kiko kwenye mwanga mkali wakati vingine viko kivulini, upepo unapuliza, doa linahama, kidole kingine kinang'aa, kisha vyote vinaingia kivulini. Mwezi Februari, mawingu ya mvua yanapokatikakatika, shamba zima lisilo na mti hufanyiwa hivyohivyo na wingu.

Kila mara nuru inaporudi, amri zinapaswa kutolewa upya, na haziendi kwa mwendo mmoja. Elektroni hufika kwenye feredoksini kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Vimeng'enya vinavyofunguliwa na thioredoksini huamka ndani ya dakika moja au chache. Rubisko, kwa sababu ya kungoja aktivesi, huchukua dakika kadhaa zaidi kufikia uwezo wake wote. Stomata, yale matundu ya jani yanayoingiza kabonidayoksaidi, hufunguka kwa taratibu zaidi, na huweza kuchukua makumi ya dakika. Doa la jua likipita kwa nusu dakika, jani linakuwa limeamka robo tu kabla halijarudi kivulini. Kivuli kikiwa kifupi hasara inapungua, kwa kuwa vimeng'enya havizimi papo hapo. Kikiwa kirefu, kazi inaanza karibu na mwanzo.

Hasara hiyo imekadiriwa. Kwa ngano, Samuel Taylor na Stephen Long waliandika mwaka 2017 kwamba uchelewaji wa Rubisko kuamka jani linapotoka kivulini kuingia juani huenda ukaigharimu angalau asilimia 21 ya uzalishaji wake. Sisi hatulimi ngano, lakini muhogo nao umechunguzwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu aina za muhogo zinazolimwa Afrika ulionyesha kwamba katika nuru isiyobadilika kinachoubana mmea ni Rubisko pamoja na ugumu wa kabonidayoksaidi kupenya ndani ya jani, ilhali katika nuru inayobadilikabadilika kinachoubana zaidi ni stomata. Kwa maoni yangu hili lina uzito mkubwa kwa mikoa yetu kuliko linavyopewa, kwa sababu anayechagua mbegu ya kupanda katikati ya mikorosho na anayechagua mbegu ya shamba la wazi hawatafuti sifa ileile.

Kuna kimeng'enya kingine kinachohusika na kubadilika huko kwa nuru, nacho kinakaa ndani ya mifuko ya thailakoidi, upande ambao protoni husukumiwa. Nuru ikizidi uwezo wa jani, uasidi ndani ya mifuko huongezeka, na uasidi huo hukiamsha kimeng'enya kinachobadilisha rangi ya njano iitwayo violaksanthini kuwa zeaksanthini, ambayo husaidia kuitawanya nishati iliyozidi kama joto kabla haijaunguza fotosistimu. Ni ulinzi mzuri, ila wingu likipita ulinzi huo huchelewa kuondolewa, na kwa dakika kadhaa jani huendelea kutupa nishati ambayo sasa linaihitaji. Mwaka 2016 watafiti walitoa taarifa kwamba tumbaku iliyoongezewa jeni tatu za kuharakisha mabadiliko hayo ilizalisha wingi wa mmea uliozidi wa kawaida kwa asilimia 15 hivi.

Kwa maabara zetu zisizo na vifaa, kuna amri moja ya nuru ambayo darasa zima linaweza kuiona kwa macho. Otesha kunde kwenye chombo chenye mchanga wenye unyevu, uufunike kwa ndoo isiyopitisha mwanga. Baada ya siku chache utapata miche mirefu, dhaifu, yenye majani madogo ya njano. Itoe uwanjani asubuhi. Kufikia jioni majani yatakuwa yameanza kuwa ya kijani. Katika hatua ya karibu na mwisho ya kutengeneza klorofili, mimea itoayo maua hutumia kimeng'enya kinachoweza kufanya kazi pale tu malighafi iliyokishikilia inapopigwa na nuru yenyewe. Gizani kimeng'enya na malighafi yake hukaa pamoja vikingoja. Misonobari na jamaa zake ina kimeng'enya cha ziada kisichohitaji nuru, na miche yake huweza kuwa ya kijani hata gizani, lakini kunde, mahindi na mikorosho haina. Tofauti na habari yote ya thioredoksini, hapa kimeng'enya hakipati ujumbe kutoka kwa mwingine. Nuru inaingia moja kwa moja kwenye mmenyuko.

Nilipoeleza haya darasani, mwanafunzi mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, na mkorosho ulio chini ya taa ya barabarani? Huo haulali?"

Swali hilo ni zuri kuliko mengi ya mitihani, na jibu lake lina sehemu mbili. Mwanga wa taa ya barabarani unapofika kwenye jani huwa mdogo mara maelfu kuliko wa jua la mchana, na jani kwa mwanga huo hupumua sukari nyingi kuliko linavyoweza kutengeneza. Lakini amri hazifuati kiwango kimoja. Kimeng'enya kinachotengeneza ATP hufunguliwa kifungo chake hata kwenye mwanga hafifu, ule wa alfajiri kabla jua halijachomoza vizuri, wakati fruktosi bisfosfatesi na sedoheptulosi bisfosfatesi hungoja nuru yenye nguvu zaidi, yaani elektroni zifike kwa wingi unaozidi zile zinazochotwa na peroksiredoksini. Zaidi ya hapo kuna protini nyingine, NTRC, iliyotambuliwa mwaka 2004, ambayo ni thioredoksini iliyounganishwa na kimeng'enya chake cha kuipatia elektroni, na huzipata kutoka kwa NADPH badala ya feredoksini. Kwa hiyo inaweza kufanya kazi hata nuru ikiwa kidogo. Nilimjibu kwamba jani lililoko karibu kabisa na taa huenda likawa na baadhi ya milango iliyofunguka na mingi iliyofungwa, na kwamba mkorosho wenyewe, ukiwa na majani yake mengi upande wa pili gizani, hautapata hata punje moja ya wanga kwa usumbufu huo.